Vyakula Vitano vya Kibogoyo

Karani hakuwa na mizani ya kupimia unga. Hakuwa na kitabu cha mapishi, wala hakumjua mtu aliyekuwa nacho. Hakuwa na jiko la kuokea. Nyumbani kwao kulikuwa na jiko moja la mkaa, lenye mguu mmoja uliotegemezwa kwa kipande cha tofali. Hakuwa na umri wa kuaminiwa na nazi na panga kwa wakati mmoja. Hakuwa na baba, kwani baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili. Na kwa miezi minane sasa hakuwa na mama wa kumwuliza, "Hapa niongeze chumvi?"

Alichokuwa nacho ni daftari lenye jalada la kijani, kalamu mbili, na mdogo wake wa kiume mwenye umri wa miaka sita, ambaye hakutakiwa kuonja hata tone la maziwa.

Jina la Karani alipewa na bibi yake. Tangu alipojua kuandika, msichana huyo aliandika kila kitu: siku kuku alipoanza kuatamia, siku mvua ya kwanza iliponyesha, hata idadi ya chumvi alizotia mjomba wake katika hadithi moja. Mdogo wake aliitwa Kibogoyo. Meno yake mawili ya mbele yaling'oka katika wiki moja, naye akawa anamwonyesha mapengo kila mpita njia, kama askari anayeonyesha nishani.

Kila siku saa nane mchana, watoto hao wawili walitoka shuleni na kupitia kwenye tanuri la mjomba wao, kaka yake mama. Mjomba alikuwa mwoka mikate. Mkate wake laini wa maziwa ulisifika mtaa mzima. Saa hiyo mikate ilikuwa imekwisha kuuzwa na moto umezimwa, lakini matofali ya tanuri yalikuwa bado yana joto, na harufu ya mkate ilibaki ukutani, kwenye magunia, hata kwenye nywele za mjomba. Kibogoyo alikuwa akisimama mlangoni, akifumba macho na kuvuta pumzi ndefu.

"Unafanya nini, bwana mdogo?" mjomba humwuliza.

"Nakula, mjomba."

"Umeshiba?"

"Bado. Ngoja nivute tena."

Mjomba hucheka mpaka unga unamdondoka kwenye nyusi. Karani hakucheka. Harufu ile ilimkumbusha Jumamosi za zamani, mama alipokuwa akioka mkate wa nyumbani katika tanuri hilo hilo. Mama hakuukata mkate kwa kisu. Aliuvunja kwa mikono ukiwa wa moto, na mvuke ulipopanda alisema, "Shikeni upesi, haujamaliza kupumua huo!"

Siku hizo zilikuwa zimepita. Mwaka uliotangulia, Kibogoyo aliugua mara tatu baada ya kunywa maziwa, na nesi wa zahanati akasema ana mzio. "Mwili wake unayaona maziwa kama adui," alieleza. "Unapigana nayo, na vita hivyo ndivyo vinavyomuumiza. Asipewe maziwa, siagi, samli wala jibini." Kisha mama akapata kazi ya kupikia wajenzi wa barabara, katika kambi iliyokuwa mwendo wa siku mbili. Kule simu haikushika. Barua zilikwenda na kurudi kwa lori la vyakula, lililoingia mjini kila Jumanne na kuondoka kila Ijumaa alasiri.

Jumanne moja dereva wa lori alileta barua nene kuliko kawaida. Karani alimsomea bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka na herufi ndogo. Kibogoyo alikaa katikati yao, akishika pembe ya karatasi.

"Wanangu, hamjambo," mama aliandika. "Mimi sijambo, ila nimezoea masufuria makubwa mno, siku hizi nikipika chai ya mtu mmoja naiharibu. Msimamizi wa kambi ameruhusu tuletewe watoto wetu likizo ijayo. Karani, wewe njoo. Lakini kwa mdogo wako naogopa. Huku maziwa ya unga yanatiwa katika kila kitu: uji, chai, mpaka mkate. Zahanati iko saa nne kwa gari. Nami nimelelewa kwenye tanuri la mikate ya maziwa. Mapishi mengine siyajui. Nitafutie vyakula vitano visivyo na maziwa, vya kumshibisha mtoto, vya kupikwa kwa vitu vilivyomo ghalani kwetu: unga wa ngano, unga wa mahindi, mchele, viazi, karanga, nazi, ndizi, sukari, hamira na mafuta ya alizeti. Mkijaribu kila kimoja mhakikishe hakimdhuru. Jina lake ni lazima liingie kwenye orodha ya watoto wanaokuja kabla mwezi haujaisha. Msipopata..."

Karani aliishusha karatasi.

"Soma," bibi alisema.

"Msipopata, asije. Nitamkumbatia mwakani."

Kibogoyo aliachia ile pembe ya karatasi. "Mwakani ni baada ya siku ngapi?"

"Nyingi, mume wangu," bibi alimjibu, akamvuta mapajani.

Karani alifungua daftari la kijani. Kabla mwezi haujaisha zilibaki Ijumaa tatu. Akaandika namba moja hadi tano kwa mstari wa kushuka, mbele ya kila namba akaacha nafasi.

Kuanzia kesho yake aliuliza kila mtu aliyewahi kushika mwiko. Wengine walimcheka. Muuza mkaa alimwambia, "Bila maziwa? Basi mpe maji, yamejaa mtoni." Lakini fundi cherehani wa jirani alisimamisha mashine yake na kumfundisha uji wa mahindi wenye karanga zilizosagwa. Karani aliupika jioni, ukatoka na madonge kama kokwa. Akarudi kwa fundi.

"Karanga ulizimwaga kwenye uji unaochemka?" fundi aliuliza.

"Ndiyo."

"Ndiyo maana zimekukasirikia. Zivuruge kwanza na maji ya baridi, ndipo uzitie."

Mpishi wa shule alimpa siri ya viazi vya kuponda. "Watu wanatia maziwa na siagi viwe laini," alisema. "Wewe usimwage yale maji uliyochemshia viazi. Pondea kwa hayo hayo, kidogo kidogo, halafu mafuta vijiko viwili." Bibi mwenyewe alikumbuka mchele uliopikwa kwa tui la nazi na sukari mpaka ukawa mzito. Mara ya kwanza Karani aliuacha motoni akaenda kufua, tui likakatika na mafuta yakaelea juu. Mara ya pili hakubandua macho wala mwiko.

Biskuti ndizo zilizomtoa jasho. Alizioka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, akitumia ndizi mbivu iliyopondwa mahali pa siagi. Alipeleka tatu shuleni, akampa mwenzake wa dawati, msichana mrefu waliyemwita Twiga. Twiga aliuma, akaitoa biskuti mdomoni na kuitazama.

"Shoga yangu, mama yako si yuko na wajenzi wa barabara?"

"Ndiyo."

"Mpelekee hizi. Watamwaga lami juu yake tu, kazi imekwisha."

Dawati zima liliangua kicheko, na Karani naye akacheka huku akiandika: *Ndizi moja haitoshi. Jaribu mbili na mafuta kijiko kimoja.* Jaribio lililofuata, Twiga aliomba ya pili.

Kila chakula Kibogoyo alianza kukionja kidogo, kisha Karani akasubiri siku nzima kabla ya kuandika neno *kimefaulu*. Nyuma ya daftari alianza orodha nyingine: *Penye maziwa, tui la nazi au karanga. Penye siagi, mafuta au ndizi iliyopondwa. Penye ulaini, maji ya viazi.* Kufikia wiki ya pili alikuwa na vyakula vinne. Nafasi ya tano aliiwekea mkate, kwa sababu mkate ndio uliokuwa wa mama.

"Mkate bila maziwa?" mjomba alishangaa. "Mpwa wangu, hiyo ni sawa na kuniambia nicheke bila meno."

Kibogoyo alicheka palepale, mapengo yote nje, kuonyesha kwamba inawezekana.

"Haya, nimeshindwa," mjomba alisema. "Njooni Jumatano, tanuri likiwa bado na joto."

Siku hiyo Karani alichanganya unga, hamira, sukari na chumvi, akatia tui vuguvugu na mafuta ya alizeti. Mjomba alimfundisha kukanda kwa kiganja cha mkono, kusukuma mbele, kukunja, kugeuza. Donge liliposhiba hewa, alimwambia alibonyeze kwa kidole. "Likirudi haraka, bado. Likirudi kwa uvivu, tayari."

Kisha alishusha kibati cha kuokea kutoka rafu ya juu. Vibati vyake vilikuwa vyeusi na vinang'aa, naye alijivunia kwamba kwa miaka ishirini na sita havijaguswa na maji. "Ukikiosha kibati," alisema huku akikipangusa kwa haraka, "mkate unang'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga." Akaweka donge ndani, akalisukuma tanurini.

Mkate ulipotoka, Karani hakuomba kisu. Aliuvunja kwa mikono, vidole vikamwungua, mvuke ukapanda. "Shika upesi," alimwambia Kibogoyo, "haujamaliza kupumua huu."

Kibogoyo alikuwa hajatia mkate mdomoni kwa mwaka mzima. Hakuonja kidogo kama alivyozoea. Alikula kipande kizima, akafuata cha pili, akilamba vidole. "Ni wa mama," alisema.

Ulinukia nazi, kwa hiyo haukuwa wa mama hasa. Lakini ulaini ulikuwa ule ule, na Karani alipoutafuna alifumba macho. Aliona kambi asiyoijua, na mama akitoka jikoni kwa mbio, aproni ikipepea. Hakusubiri siku nzima. Mkate ukiwa bado una moto, alifungua daftari akaandika: *Cha tano. Mkate wa tui. Umejaribiwa. Umefaulu.*

Jioni hiyo Kibogoyo alikataa kuoga. Asubuhi alifunga shati mpaka kifungo cha shingoni, ingawa jua lilikuwa limeanza kuchoma. Njiani kwenda shule, Karani aligeuka akamwona anasugua mgongo kwenye ukuta wa duka.

"Njoo hapa."

"Sina kitu."

"Nimesema njoo."

Alifungua vifungo viwili. Kifua cha mdogo wake kilijaa mabaka mekundu, yameinuka kama ramani ya visiwa.

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Yanawasha kidogo tu." Machozi yalimlenga. "Dada, usimwambie mama. Nakuomba. Tukifika kule nitakuwa najikuna taratibu. Hataniona."

Karani alijua la kufanya. Nyumbani kulikuwa karibu, na zahanati haikuwa mbali. Lakini kesho ilikuwa Ijumaa. Barua ilikuwa imekwisha kuandikwa, ilisubiri bahasha tu, na ndani yake kulikuwa na neno *umefaulu*. Alimfikiria mama akitoka jikoni kwa mbio, kisha akisimama, akitafuta kwa macho mtoto wa pili asiyekuwepo.

"Labda ni joto," alisema, na sauti yake haikumpendeza hata yeye mwenyewe. Akavifunga vile vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

Darasani hakusikia neno. Mwalimu alimwuliza swali la hesabu, akajibu, "Tui." Watoto wakacheka. Saa nne, wakati wa mapumziko, Twiga alikuja akikimbia kwa ile miguu yake mirefu.

"Karani! Mdogo wako anatapika nyuma ya darasa la kwanza. Na mdomo umevimba!"

Mwalimu wa darasa la kwanza alimbeba Kibogoyo mgongoni hadi zahanati, Karani akikimbia pembeni na kushika mguu mmoja wa mdogo wake kama vile ungeweza kupotea. Nesi alimdunga sindano, akamlaza chini ya dirisha, akakaa karibu yake akisikiliza pumzi. Baada ya muda bibi alifika, na mjomba nyuma yake, mikono imejaa unga hadi viwikoni.

Pumzi ilipotulia, nesi aliuliza, "Ilianza lini?"

"Leo," Kibogoyo alisema haraka kutoka kitandani. Neno lilitoka nene kwa sababu ya mdomo.

Karani alitazama vifungo vya shati la mdogo wake. Vilikuwa wazi vyote.

"Ilianza jana," alisema. "Mimi niliona leo asubuhi. Nikamfungia shati."

Bibi aliketi polepole kwenye benchi.

"Mdomo ukivimba, koo nalo linaweza kuvimba," nesi alimwambia Karani bila kupaza sauti. "Koo likiziba, pumzi haina njia. Muda wa saa tatu umekaa na jambo hili moyoni. Safari nyingine ukiona hata baka moja, usiulize moyo wako. Mlete kwangu."

"Ndiyo, nesi."

"Sasa niambie alichokula. Chote."

Karani alisoma daftarini: unga, hamira, sukari, chumvi, tui, mafuta ya alizeti.

"Naapa sikutia tone la maziwa!" mjomba alisema. "Hata ndoo ya maziwa niliitoa nje."

"Nakuamini," nesi alijibu. "Lakini mwili wa mtoto huyu hausemi uongo. Kuna kitu kilichogusana na maziwa. Rudini mkaupike mkate huo upya kwa kuigiza, hatua kwa hatua, hata zile hatua mnazoziona si kitu. Karani aandike. Huyu apumzike wiki nzima, na asijaribu chakula kipya nisipokuwepo."

Ijumaa alasiri honi ya lori ilisikika barabarani, ikapungua, ikapotea. Bado zilibaki siku saba na lori moja. Karani hakutoka nje kulitazama. Alikuwa tanurini na daftari lake, bibi ameketi kwenye kiti cha kukunja, na mjomba amesimama mbele ya meza kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Anza, mjomba."

"Naosha mikono. Naosha bakuli. Natia unga." Alikuwa akiigiza kwa mikono mitupu. "Nakanda. Linaumuka. Nashusha kibati, naweka donge..."

"Mjomba, shusha kweli. Nesi amesema tusiruke."

Mjomba akainua mkono, akashusha kibati. Mkono wake wa kulia, bila yeye kuutazama, ukaingia kwenye mkebe uliokuwa chini ya meza, ukatoka na kitambaa cheusi, ukakizungusha ndani ya kibati mara tatu, ukakirudisha mkebeni.

"...naweka donge, nalipeleka motoni," mjomba alimaliza. "Umeona? Hakuna kitu."

Karani alikuwa ameacha kuandika. "Mjomba, hicho kitambaa?"

"Kitambaa gani?"

"Ulichopangusia."

Mjomba akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Vidole viling'aa. Akavinusa. Kisha akatoa ule mkebe chini ya meza na kuuweka juu, na wote watatu wakaona kitambaa kimelala ndani ya samli, kama kilivyolala kila siku tangu tanuri hilo lilipojengwa.

Alikaa juu ya gunia la unga. "Nimeapa mbele ya nesi," alisema. "Nimeapa, na samli iko vidoleni."

"Hukujua, mwanangu," bibi alisema.

"Mkono ulijua, mama. Kichwa ndicho kilichosahau." Alivifuta vidole kwenye suruali. "Na dada yangu naye hufanya hivi hivi. Baba alitufundisha pamoja, kwenye meza hii. Mpe kibati usingizini, atakipangusa."

Maneno hayo yalimwingia Karani kama maji ya baridi. Aliliona lile neno lake, *umefaulu*, likisafiri siku mbili ndani ya lori. Aliona mama akilisoma na kuliamini, kwa sababu limeandikwa na binti yake. Mama angekanda mkate kwa tui, kwa furaha, angeshusha kibati, na mkono wake ungekwenda wenyewe kwenye samli. Kibogoyo angekula na kujikuna taratibu, asionekane. Na zahanati ilikuwa saa nne kwa gari.

Alifungua ukurasa, akakata lile neno kwa mstari mmoja. Hakulifuta, ili lisomeke.

Kesho yake mjomba alinunua kibati kipya, cheupe, kikamfanya aone aibu kukitazama. Alikipigilia msumari wake peke yake ukutani, mbali na vingine. Jumatano alisugua meza kwa maji moto na sabuni, akatoa mkebe wa samli nje, kisha akamwomba Karani amfunge mkono wa kulia kwa utepe mwekundu, "ili unikumbushe nikitaka kujisahau." Kibati walikipaka mafuta ya alizeti. Mkate ulipopoa, waliufunga kwa kitambaa kilichochemshwa.

Alhamisi asubuhi waliupeleka zahanati. Nesi alimpa Kibogoyo chembe moja, wakangoja. Akampa kipande cha ukubwa wa ukucha, wakangoja. Akampa nusu ya slesi. Bibi alisinzia, mjomba alihesabu vigae vya sakafu kwa sauti mpaka nesi akamwomba anyamaze. Adhuhuri ilipofika, Kibogoyo alipandisha shati lake mwenyewe hadi kidevuni, akazunguka mbele ya wagonjwa wote.

"Tazameni! Hakuna kitu!"

"Kuna mbavu," nesi alisema. "Mpeni mkate zaidi."

Ijumaa, mara tu baada ya shule, Karani alikaa kwenye meza ya tanuri kuandika barua upya. Vyakula vinne vilimwagika kalamuni bila shida. Alipofika cha tano, kalamu ilisimama. Akiandika kuhusu mabaka, sindano na mdomo uliovimba, mama angeweza kuogopa na kusema asije. Asipoandika, mkate ulikuwa salama sasa, na jina la Kibogoyo lingeingia kwenye orodha bila swali.

Kibogoyo alisoma uso wake, kwa kuwa herufi zilikuwa hazijamwelea bado. "Andika tu amefaulu," alinong'ona. "Si nimefaulu kweli?"

Bibi alikuwa amesikia. "Njooni hapa, nyote wawili," alisema. Akawashika mikono. "Kumtamani mama yenu si kosa. Hata mimi namtamani. Kabla ya kuwa mama yenu alikuwa mtoto wangu. Lakini yeye yuko mbali, hana macho ya kuwaona. Anaona kwa kalamu ya Karani. Mkimwandikia mnachokitamani badala ya kilichotokea, mnamfumba macho, kisha mnamwachia mtoto mgonjwa mikononi. Mwambieni yote, aamue akiwa anaona. Na wewe, mume wangu, ukiwashwa, sema unawashwa. Mtu anayekupenda hataki ujikune kwa siri."

"Hata akisema nisije?" Kibogoyo aliuliza.

"Hata akisema usije."

Kibogoyo aliyapitisha mapengo yake ulimi. "Basi mwandikie," alisema. "Lakini mwandikie na kwamba mapengo yangu yameanza kuota meno, asije akanipita."

Karani aliandika yote. Aliandika siku ya kwanza na kosa lake, na jinsi alivyofunga vifungo. Aliandika habari ya mkebe na kitambaa, na chini yake akapiga mistari miwili: *Mama, tafuta kibati kipya. Mkono wako usiuamini. Ufunge utepe.* Aliandika habari ya chembe, ukucha na nusu slesi mbele ya nesi. Mwisho akaandika: *Vyakula ni vitano. Sasa vyote vimefaulu. Tunakungoja, ukisema ndiyo na ukisema bado.*

Mkate mwingine wa tui, ambao mjomba aliuoka kwa joto lililobaki, ulikuwa umetoka tanurini dakika chache tu zilizopita. Kabla hajaikunja karatasi, Kibogoyo aliichukua, akailaza juu ya mkate, akaikandamiza kwa viganja vyote viwili. Ilipoinuliwa ilikuwa na doa la mafuta katikati, na joto.

"Umeichafua!" Karani alilalamika.

"Sijaichafua. Nimemtilia harufu. Akifungua, avute."

Karani aliinusa karatasi, akaikunja. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, kwa hiyo mjomba alikoroga unga kidogo na maji moto, akaupaka kwa kidole.

"Mjomba, hiyo gundi ina maziwa?" Kibogoyo aliuliza.

"Haina, bwana mkubwa. Ukiishiwa mkate, lamba bahasha."

Karani aliibandika, akaibonyeza pembe zote nne mpaka ikashika. Honi ya lori ililia nje. Watoto wote wawili walitoka mbio, na dereva akainama dirishani na kupokea bahasha.

"Ina joto!" alisema. "Mmemwandikia nini mama yenu?"

"Kila kitu," Karani alijibu.

Dereva aliitia bahasha kwenye mfuko wa shati lake, upande wa moyo, akafunga kifungo, akawasha gari.